Ukuta Umebomoka: Tumlaumu Mwalimu au Wachezaji?

Somo la michezo na afya kwa wanafunzi wa sekondari

Ukimaliza somo hili utaweza:
• kutafuta chanzo cha magoli bila kumwonea mtu;
• kutofautisha kazi ya mwalimu wa timu na kazi ya beki;
• kueleza jinsi njaa, kiu, uchovu na magonjwa ya huku kwetu yanavyobomoa safu ya ulinzi;
• kujua ni wakati gani mchezaji atoke uwanjani bila mjadala.

KESI YA KILA JUMAMOSI

Ndugu msomaji, timu ikifungwa kesi huanza pale pale, kabla hata mabeki hawajavua viatu. Nenda kiwanja chochote cha Kisesa, jirani na barabara kuu iendayo Musoma, au panda daladala mpaka CCM Kirumba mjini Mwanza. Mashtaka ni yale yale:

"Huyu mwalimu hajui mpira. Kila siku anapanga wale wale!"

"Sasa mwalimu afanyeje? Mabeki wenyewe jana walikuwa kibanda umiza mpaka saa 7 usiku."

"Nyie hamjui tu. Tumelogwa!"

Tuanze na huyu wa mwisho, maana kesi yake ni fupi. Sisi wa Kisesa tunayajua mashindano. Kwenye sikukuu ya Bulabo pale Bujora, Wagika na Wagalu hushindana kwa ngoma, na kila upande una watu wanaoamini kuwa dawa ya manju wao ndiyo kali. Lakini hata manju mwenye jina hawapeleki watu wake uwanjani bila mazoezi. Ngoma isiyofanyiwa mazoezi inaonekana tu, na mpira ni hivyo hivyo. Ukishasema "tumelogwa" umefunga jalada, hutafuti tena kosa, na wiki ijayo unafungwa tena kwa njia ile ile.

Wanabaki washtakiwa 2, mwalimu na wachezaji. Nani mwenye kosa?

TUPIME KWANZA

Ukienda zahanati na homa, mganga hakuandikii dawa kwa kukutazama usoni. Anakutoboa kidole, anapima, ndipo anasema ni malaria au si malaria. Timu nayo ipimwe hivyo. Kipimo chake ni rahisi: kila goli lina dakika yake, lina upande lilikotokea, na lina sababu yake. Yaandike yote, halafu ndipo ubishane.

Tuipime timu ambayo wote tunaijua, Taifa Stars, katika fainali 2 za Kombe la Mataifa ya Afrika.

Misri, mwaka 2019:
Senegal 2, Tanzania 0. Magoli ya kufungwa: dakika ya 28 na ya 64.
Kenya 3, Tanzania 2. Dakika ya 39, ya 62 na ya 80.
Algeria 3, Tanzania 0. Dakika ya 35, ya 39, na muda wa nyongeza kabla ya mapumziko.

Ivory Coast, Januari 2024:
Morocco 3, Tanzania 0. Dakika ya 30, ya 77 na ya 80.
Zambia 1, Tanzania 1. Dakika ya 88.
Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 0, Tanzania 0.

Sasa chukua kalamu. Mwaka 2019 Stars ilifungwa magoli 8. Kati ya hayo, 5 yaliingia kati ya dakika ya 28 na mapumziko. Mwaka 2024 ilifungwa magoli 4, na 3 kati ya hayo yaliingia baada ya dakika ya 75. Umeona? Watu walilalamika kwa maneno yale yale, "mabeki wetu wabovu", lakini haya ni magonjwa 2 tofauti. Ukuta mmoja ulibomoka kabla ya chai ya mapumziko, mwingine ulibomoka dakika za lala salama. Huwezi kuyatibu kwa dawa moja.

Baada ya fainali za 2019, Shirikisho la Soka Tanzania liliachana na mwalimu Emmanuel Amunike wa Nigeria. Mwaka 2024 mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Mwalimu Adel Amrouche alifungiwa mechi 8 na Shirikisho la Soka Afrika kwa maneno aliyosema kuhusu Morocco, na timu ikaachwa mikononi mwa Hemed Suleiman. Kwa karibu wachezaji wale wale, ukuta uliofungwa magoli 3 katika mechi ya kwanza ukafungwa goli 1 tu katika mechi 2 zilizofuata.

Mshabiki wa haraka atasema, "Si unaona! Kosa lilikuwa la mwalimu." Ngoja kwanza. Kwenye maabara umefundishwa kwamba ukibadilisha vitu 2 kwa pamoja, huwezi kujua ni kipi kilicholeta matokeo. Hapa mwalimu alibadilika, lakini na mpinzani alibadilika. Morocco ilikuwa imefika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2022. Zaidi ya hapo, mpaka dakika ya 70 Stars ilikuwa nyuma kwa goli 1 tu. Ndipo Novatus Miroshi akapewa kadi nyekundu, na magoli 2 yakaingia ndani ya dakika 10. Je, hayo ni ya mwalimu au ya mchezaji?

Tazama na mechi ya Zambia. Simon Msuva alifunga mapema, dakika ya 11. Zambia wakabaki watu 10 kabla ya mapumziko. Kila kitu kilikuwa upande wetu, na bado Patson Daka akasawazisha dakika ya 88. Mwalimu mpya, wapinzani pungufu, goli la mwishoni. Kumbe kubadilisha mwalimu hakutibu kila kitu.

KAZI YA MWALIMU

Mwalimu ndiye mwenye mamlaka. Yeye anapanga nani acheze, siku gani mfanye mazoezi, nani apumzike, nani atoke. Kwa hiyo swali la kwanza lielekezwe kwake. Hizi ni kazi ambazo beki hawezi kujifanyia peke yake:

1. Kuwafundisha mabeki 4 kutembea kama kitu kimoja. Mmoja akipanda na mwingine akibaki nyuma, mshambuliaji anapata njia na mtego wa kuotea unakufa.

2. Kugawa kazi kwenye kona na mipira ya adhabu. Nani anasimama nguzo ya kwanza? Nani anamkaba yule mrefu? Kama hakuna anayejua, goli hilo ni la mwalimu.

3. Kuwafundisha viungo na washambuliaji kurudi kukaba. Ulinzi unaanzia mbele. Beki anayepelekewa watu 3 dakika nzima 90 atashindwa tu, hata angekuwa nani.

4. Kumwona aliyechoka na kumtoa kabla goli halijaingia. Wachezaji wa akiba si mapambo ya benchi.

5. Kupasha misuli joto. Kuna mazoezi maalumu ya dakika 20 yaliyoandaliwa chini ya FIFA, yanayoitwa "11+": kukimbia taratibu, kuimarisha mapaja na tumbo, kuruka na kutua vizuri. Utafiti uliofanywa Lagos, Nigeria, kwa vijana wa miaka 14 hadi 19 na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba timu zilizoyafanya zilipunguza majeraha kwa asilimia 41. Hayahitaji vifaa. Yanahitaji mwalimu anayefika mapema.

KAZI YA BEKI

Basi mchezaji asicheke, zamu yake imefika. Mwalimu akishamaliza kufundisha, anakaa benchi. Hawezi kuingia uwanjani kukukumbusha. Kazi zako ni hizi:

1. Kuongea. Ukuta bubu hauna maisha. "Nyuma yako!" "Mwache!" "Panda!" Maneno haya hayagharimu kitu.

2. Kujizuia. Kadi ya njano ya hasira dakika ya 20 ni deni ambalo wenzako watalilipa dakika ya 70.

3. Kulala. Kijana wa umri wako anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Beki aliyekesha anaona mpira umechelewa kidogo, na hicho kidogo ndicho mshambuliaji anachokitaka.

4. Kuacha pombe, sigara na bangi. Kuna wanaodanganyana eti bangi inaondoa woga. Inaondoa na umakini pia.

5. Kusema ukweli kuhusu mwili wako. Hili ndilo gumu kuliko yote, na tutalirudia.

MWILI NAO UNA KESI

Magoli ya dakika za lala salama mara nyingi ni magoli ya mwili uliokwisha. Mshambuliaji anaweza kupumzika kidogo mpira ukiwa mbali, kosa lake likasamehewa. Beki akipitiwa mara moja, kipa anaokota mpira nyavuni. Ndiyo maana uchovu huonekana kwanza nyuma.

Kiu. Ukipoteza maji kiasi cha asilimia 2 ya uzito wako, nguvu na umakini huanza kushuka. Kwa mwenye kilo 50 hiyo ni kilo 1 tu, yaani kama lita 1 ya jasho. Mechi ya saa 10 jioni chini ya jua la Mwanza inaweza kuitoa. Kunywa maji safi na salama kabla ya mechi, wakati wa mapumziko, na baada ya mechi. Usingoje mpaka koo likauke.

Njaa. Wengi tunatoka nyumbani alfajiri, tunatembea mwendo mrefu, na mechi inatukuta bila kitu tumboni. Kula saa 2 au 3 kabla ya mechi: ugali, wali, viazi vitamu, michembe au matobolwa vinatosha kabisa kukupa nguvu. Dagaa, maharage na karanga vinajenga mwili. Huhitaji vinywaji vya makopo vyenye picha ya fahali.

Malaria. Mwenye homa asicheze. Aende akapimwe, anywe dawa zote alizoandikiwa hata kama amepata nafuu siku ya pili, na arudi taratibu nguvu zikisharudi.

Kichocho. Huu ni ugonjwa wetu watu wa ziwani. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi unapooga au kuvua ziwani, kwenye malambo na madimbwi. Kichocho na minyoo ya safura hupunguza damu polepole, na mtu huchoka bila kujua kwa nini. Wenzake humwita mvivu, kumbe anaumwa. Ukiona damu kwenye mkojo au choo, au tumbo linauma mara kwa mara, nenda zahanati. Kichocho kina dawa yake, praziquantel, na huwa inatolewa mashuleni pia. Usikimbie siku hiyo.

Upungufu wa damu kwa wasichana. Dada zetu wanaocheza mpira wakumbuke kwamba hedhi nyingi pamoja na chakula hafifu huweza kupunguza damu. Kizunguzungu, moyo kwenda mbio na kuchoka upesi si aibu ya kuficha. Mwambie mwalimu wa kike au muuguzi.

Kifundo cha mguu. Kikiteguka, mambo ni 4: pumzisha, poza kwa kitambaa cha maji baridi, funga bandeji isiyobana sana, inua mguu. Siku 2 au 3 za kwanza usichue na usitumie maji ya moto, uvimbe utazidi. Ukishindwa kabisa kukanyaga, nenda hospitali, huenda mfupa umevunjika. Na usimeze dawa za maumivu ili ucheze. Dawa inanyamazisha maumivu, haiungi kilichochanika.

TOKA UWANJANI MARA MOJA KAMA:
• umegongwa kichwani ukaona kizunguzungu, kichefuchefu, au hukumbuki matokeo (usirudi siku hiyo, hata ukijisikia vizuri);
• kifua kinabana au umezimia;
• huwezi kukanyaga bila kuchechemea.

MWALIMU ANA MAMLAKA, MCHEZAJI ANA SIRI

Sasa tufike kwenye kiini. Hebu tutazame mfano huu ambao tumeutunga kwa ajili ya somo.

Timu ya shule fulani imecheza mechi 6 na kufungwa magoli 12. Kila mtu anamlaumu beki wa kulia. Katibu wa timu anafungua daftari: kipindi cha kwanza magoli 3, dakika ya 46 hadi 75 magoli 2, baada ya dakika ya 75 magoli 7. Kati ya hayo 7, 5 yametokea upande wa kulia. Wenzake wanashangilia, "Si tulisema!"

Mwalimu anamwita pembeni. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba. Kaa hapa. Sitaki kukugombeza, nataka kujua. Mguu unauma?"

Kijana anainama. "Tangu mechi ya 3, mwalimu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ungenitoa. Na nikitoka, jezi anachukua mwingine."

Basi, kesi imefunguka. Kijana ana kosa: alificha maumivu, na timu ikalipa. Lakini mwalimu naye ana kosa kubwa zaidi: alijenga timu ambayo kusema "naumwa" ni sawa na kujifukuza. Mechi 6 nzima hakumtoa, hakumuuliza, na kiungo wa kulia hakuwahi kuambiwa arudi kumsaidia.

Hapo ndipo tunaposimama sisi. Mwalimu ana mamlaka ya kubadilisha kila kitu, lakini hajui kinachouma ndani ya soksi ya mtu. Mchezaji anajua, lakini hana mamlaka. Wasipoongea, mamlaka yanafanya kazi gizani na siri inaingiza magoli. Na kwa kuwa mkubwa ndiye mwenye nguvu, ni juu yake kuanza. Mwalimu akimwahidi mchezaji kwamba jezi yake itamngoja apone, siri itatoka yenyewe.

LAWAMA NI HATARI

Usidhani lawama ni maneno tu. Tarehe 22 Juni 1994, kwenye Kombe la Dunia, beki wa Colombia Andrés Escobar alijifunga wakati akijaribu kuzuia krosi, na timu yake ikafungwa na Marekani 2 kwa 1. Aliporudi nyumbani, tarehe 2 Julai, aliuawa kwa risasi mjini Medellín. Alikuwa na miaka 27. Colombia walikuwa wameshafungwa mechi ya kwanza pia, magoli 3 kwa 1 na Romania. Timu nzima ilishindwa, ila watu walilikumbuka jina moja.

Kwetu hatufiki huko. Lakini wapo vijana waliozomewa mpaka wakaacha mpira, na wengine wakaona aibu hata kuja darasani. Mtu anayeogopa kuzomewa hucheza na homa, huficha jeraha, humeza vidonge. Kwa hiyo lawama, pamoja na kuumiza moyo, inaharibu na ukuta wenyewe.

DAFTARI LA MAGOLI

Fanyeni hivi kwa mechi 5 zijazo. Mteueni katibu asiyecheza. Kwa kila goli aandike:

1. Dakika ya ngapi?
2. Lilitokea wapi: kulia, kushoto, katikati, kona, mpira wa adhabu?
3. Tulikuwa wangapi uwanjani?
4. Kazi hiyo ilishafundishwa mazoezini? (Kama hapana, ni la mwalimu.)
5. Ilifundishwa lakini haikufanywa? (Basi ni la mchezaji.)
6. Aliyehusika alikuwa amekula, amelala, ni mzima? (Kama hapana, ni letu sote.)

Baada ya mechi ya 5, kaeni pamoja na mwalimu mhesabu. Jina la mtu lisitajwe kabla ya hesabu kusomwa.

ZOEZI: KWELI AU SI KWELI?

1. Mguu ukiteguka, uchuliwe kwa maji ya moto siku hiyo hiyo.
2. Mchezaji anayechoka upesi kila siku lazima ni mvivu.
3. Aliyegongwa kichwani akapata kizunguzungu arudi uwanjani akijisikia vizuri.
4. Goli la kona ambayo haijawahi kufundishwa ni deni la mwalimu.

Majibu: 1. Si kweli. 2. Si kweli, huenda ana kichocho, safura au upungufu wa damu. 3. Si kweli. 4. Kweli.

JADILIANENI KIKUNDI

(a) Magoli 5 kati ya 8 ya Stars mwaka 2019 yaliingia kati ya dakika ya 28 na mapumziko. Kama ungekuwa mwalimu, ungebadilisha nini mazoezini?

(b) Katika timu yenu, mchezaji akisema "naumwa" anajibiwaje? Na kesho yake jezi anavaa nani?

(c) Andikeni ahadi 3 ambazo mwalimu atawapa wachezaji, na ahadi 3 ambazo wachezaji watampa mwalimu. Zibandikeni mlangoni pa chumba cha michezo, halafu muanze mazoezi.